Deni la Mwamba wa Mnazi

Kusini kabisa mwa mwambao wa Tanzania, baina ya rasi ya Msangamkuu inayotazamana na bandari ya Mtwara na mdomo wa mto Ruvuma unaotutenga na ndugu zetu wa Msumbiji, ipo ghuba iitwayo Mnazi, yenye visiwa vidogo vya Namponda, Mmongo na Kisiwa Kidogo, yenye mikoko iliyozamisha mizizi yake matopeni, na yenye miamba ya matumbawe ambayo, kwa wingi wa jinsi za viumbe wakaao ndani yake, haina mingi ya kushindana nayo katika upande wote wa magharibi wa Bahari ya Hindi. Mwaka 2000 Serikali ilizitangaza kilomita za mraba 650 za mahali hapo, ambazo karibu theluthi mbili ni maji, kuwa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, nayo ikawa hifadhi ya pili ya namna hiyo nchini baada ya ile ya Mafia ya mwaka 1995. Tangu tangazo hilo litolewe, pahala popote wanapokutana watu wa Msimbati, Madimba, Mnazi na Mikindani, swali lile lile hurejea: mwamba huu ni wa nani, na ni nani anayepaswa kujinyima kwa ajili yake?

Swali la namna hii mtu mmoja hawezi kulijibu kwa insafu, kwa sababu kila aliye karibu na bahari huiona kutoka mahali alipoketi. Kwa hiyo nimeona vema kulitia katika majilisi, na kuwapa ulimi watu watano ambao sikuwataja kwa majina, maadamu kila mmoja wao anasema kwa niaba ya wengi: Afisa wa hifadhi, Nahodha aliyevua tangu utotoni na sasa ana mvi, Bibi mmoja wa Msimbati achokoaye pweza, Mwalimu wa sekondari afundishaye elimu ya viumbe, na Kijana aliyemaliza shule asipate kazi. Hoja iliyowekwa mbele yao ni kwamba baadhi ya mafungu ya Mnazi, yaani vipande vya mwamba wake, yafungwe kabisa, asivue mtu. Nami, nikiwa mwandishi, nimejiwekea haki ya kuingilia kati pale ninapoona pana haja.

AFISA: Wazee wangu, shikamooni. Naanza kwa kuondoa dhana moja ambayo imetugombanisha kwa miaka mingi, nayo ni kwamba hifadhi imekuja kuwatoa baharini. Sheria Na. 29 ya mwaka 1994, iliyoanzisha hifadhi za bahari, si sawa na ile ya mbuga za wanyama, ambamo mtu hana ruhusa ya kuweka makazi. Hapa vijiji vimo ndani ya mipaka, watu wanalala, wanalima, wanazika, wanavua. Kinachokatazwa ni baruti, ni kokoro, ni juya la kigumi linalovunja matumbawe kwa miti ili samaki watishike wakimbilie wavuni, ni nyavu zenye macho madogo zinazozoa hata vitoto, na ni kuchimba matumbawe hai ili kuchoma chokaa. Kilichobaki ni mafungu machache tunayoomba yapumzishwe. Sioni katika hayo dhulma.

NAHODHA: Marahaba, mwanangu. Umesema kwa adabu, nami nitakujibu kwa adabu, lakini sitakuficha yaliyo moyoni. Baba zetu walivua katika ghuba hii kwa madema, kwa mishipi na kwa uzio. Wakaenda mpaka Tungi, ng'ambo ya Ruvuma, na wakarudi. Wakajenga nyumba za mawe za Mikindani kwa mawe ya bahari na chokaa ya bahari, na mwamba ukabaki mzima. Sisi tumeupokea mzima. Sasa niambie, ni nani aliyeuumiza? Baruti haikutengenezwa Msimbati. Ilitoka katika machimbo na katika kazi za barabara, ikauzwa na watu wenye fedha kuliko mimi. Na hilo joto ambalo Mwalimu hulisema kila siku, lililoyafanya matumbawe yawe meupe, je, limetokana na ngalawa yangu inayokwenda kwa tanga? Mwenye kosa yuko mbali, ana magari na viwanda. Mwenye kufungiwa bahari ni mimi. Hiyo ndiyo dhulma niionayo, na ukiweza kunionyesha kuwa siyo, nitanyamaza.

Hapa naingilia kati ili haki itendeke. Nahodha amesema kweli kuhusu chanzo cha baruti, lakini asiiachilie nusu ya pili ya kisa, kwa kuwa ni nusu yenye fahari. Uvuvi wa baruti uliingia katika mwambao wa Tanganyika tangu miaka ya sitini, na kufikia miaka ya tisini milipuko ilikuwa ikisikika Mtwara na Lindi mchana kweupe. Waliosimama kuupinga hawakuwa wageni. Wavuvi wa vijiji wenyewe, wakisaidiwa na mradi wa maendeleo uliogharimiwa na Ufini, waliungana katika chama walichokiita Shirikisho, wakawataja wahalifu waliokuwa jirani na jamaa zao, wakastahimili vitisho, na wakaishikilia Serikali mpaka Jeshi la Wanamaji likaingia katika kazi hiyo mwishoni mwa muongo ule. Baruti ilipungua mno, kisha ulinzi ulipolegea ikarudi, na ikahitaji nguvu mpya ya vyombo vingi vya dola, kuanzia mwaka 2015 hivi, kuipunguza tena. Mtu akisema kwamba watu wa kusini hawajui thamani ya mwamba wao, na asome habari hizo kwanza.

MWALIMU: Nakubali kwamba hoja ya Nahodha ni nzito, na nitafika kwenye joto. Lakini kabla ya kugombania kitu ni vema tukijue kilivyo. Tumbawe si jiwe wala si mmea, ingawa lina ugumu wa jiwe na matawi ya mmea. Ni jamaa ya wanyama wadogo, aghalabu kila mmoja wao hazidi punje ya mtama, ambao huichota chokaa iliyoyeyuka katika maji ya bahari wakajijengea kuta, na vizazi vyao vikaendelea kujenga juu ya kuta zile zile. Ndani ya nyama zao hukaa mimea midogo mno, isiyoonekana kwa jicho tupu, ambayo kwa nuru ya jua hutengeneza chakula na kumpa mwenyeji wake sehemu kubwa ya riziki yake, na yeye huipa hifadhi. Kwa ajili hiyo mwamba hutaka maji maangavu, hutaka kina kisichozuia nuru, na huchukia tope.

Ujenzi huo hauna haraka. Tumbawe la matawi laweza kurefuka sentimita 10 kwa mwaka likipata hali njema, lakini lile la mviringo, lililo mfano wa jabali, huongezeka sentimita 1 hivi tu. Pigeni hesabu, basi, mtaona kwamba jabali la tumbawe lenye kimo cha mtu mzima, ambalo Kijana huyu huogelea juu yake asilifikirie, lilianza kujengwa karibu na zama zile Dk. Livingstone alipoondoka Mikindani, mwaka 1866, kwenda safari yake ya mwisho barani. Chupa moja ya baruti humaliza kazi hiyo kwa muda wa kupepesa jicho, na ubaya hauishi hapo. Kwani vifusi vinavyobaki huviringishwa na mawimbi huku na huku, na mtoto wa tumbawe akija kutafuta mahali pa kutulia hakuti pahali pasipotikisika. Ndiyo sababu fungu lililolipuliwa laweza kukaa miaka mingi likiwa uwanja wa changarawe.

NAHODHA: Hayo ya changarawe nayajua, nimeyaona kwa macho. Lakini wewe wasema habari ya tumbawe. Mimi nala samaki.

MWALIMU: Ndiyo niliyokuwa nikiyaendea. Miamba ya matumbawe hufunika chini ya asilimia 1 ya sakafu ya bahari zote za dunia, na pamoja na uchache huo hukadiriwa kwamba robo ya aina zote za viumbe wa baharini huishi hapo kwa wakati fulani wa maisha yao. Katika ghuba yetu hii wataalamu wameandika zaidi ya aina 250 za matumbawe na zaidi ya aina 400 za samaki. Wala msidhani kwamba kila samaki anakaa mahali pamoja. Changu na tasi wengi huanza maisha katika majani ya bahari na baina ya mizizi ya mikoko ya Ruvuma, mahali ambapo papa na kolekole hawawafikii kwa urahisi, kisha wakiisha kupata nguvu hutoka kwenda mwambani. Chewa hukaa pangoni mwake akingoja. Pono, mwenye meno yaliyoungana, hukwangua miani inayotaka kuyasonga matumbawe, humeza na chokaa pamoja, na akaitoa ikiwa mchanga mweupe. Sehemu ya ufuko ule wa Msimbati ambao wageni husafiri kuuona imepita tumboni mwa pono. Ukimmaliza pono, mwani hutawala. Mwani ukitawala, tumbawe jipya halipati nafasi. Na tumbawe lisipokuwapo, changu uliyemtaka hana makao. Mikoko, majani na mwamba ni mambo matatu kwa macho yetu tu.

BIBI: Mwalimu umesema vizuri, ila umewasahau wanawake, kama ilivyo desturi. Ninyi wanaume mna kilindi. Sisi tuna mwamba unaokauka wakati wa bamvua. Maji yakitoka, tunashuka na vyuma vyetu na vikapu, tunatafuta pweza, kome na kombe, na katika saa hizo chache tunapata kitoweo cha nyumbani na fedha ya madaftari. Hatuna ngalawa, hatuna mashine. Zamani pweza wa hapo juu ya mwamba walikuwa wetu bila ya kuulizana. Kisha bei ya pweza ikapanda, wanunuzi wakaja na magari yenye barafu, na wanaume waliokuwa wakimdharau pweza wakaja na miwani ya maji wakamfuata hata kule chini asikoweza kufikiwa na mimi. Siku hizi tunachokoa vidogo vidogo, ambavyo mama yangu angevirudisha majini. Basi mkisema fungu lifungwe, mimi nauliza kwanza, ni fungu gani? Maana fungu lililo rahisi kufungwa na lililo rahisi kulindwa ni lile lililo mbele ya kijiji, nalo ndilo shamba letu sisi tusio na chombo.

AFISA: Bibi, hilo ni kweli, na nakiri kuwa katika vikao vingi sauti ya wanawake huja baada ya ramani kwisha kuchorwa. Lakini pweza yuyo huyo ndiye anayenipa tumaini. Yeye si kama tumbawe. Umri wake wote ni mwaka mmoja na kitu. Akiwa mchanga, uzito wake waweza kuongezeka maradufu kwa muda wa mwezi. Jike hutaga mara moja, huyalinda mayai yake bila ya kula, na yakiisha kuanguliwa hufa. Kwa hiyo fungu likipumzishwa miezi mitatu tu, aliyekuwa hatoshi kikapu huwa ni wa kupimwa kwa mizani. Wavuvi wa Andavadoaka, kule Madagaska, walianza desturi hiyo mwaka 2004, na kutoka kwao imeenea katika visiwa na pwani nyingi za bahari yetu hii, hata Unguja, Pemba, na Songosongo kwa majirani zetu wa Kilwa.

BIBI: Miezi mitatu naielewa. Hata shamba huachwa. Nisiyoielewa ni milele.

KIJANA: Wazee wangu, shikamooni, niwieni radhi kwa kusema mbele yenu. Mnazungumzia pweza na pono kana kwamba katika Ghuba ya Mnazi hakuna kitu kingine. Gesi iligunduliwa hapa mwaka 1982. Visima viko Msimbati. Mtambo wa kuisafisha uko Madimba. Bomba la kilomita 532 limekwenda Dar es Salaam na likazinduliwa mwaka 2015. Yote hayo yapo ndani ya mipaka ya hifadhi au mlangoni pake. Sikatai gesi, nchi inahitaji umeme. Lakini swali langu ni hili: ilipoonekana kwamba chini ya hifadhi kuna mali ya taifa, palipatikana njia ya sheria, palipatikana tathmini ya mazingira, palipatikana wahandisi, lakini ilipoonekana kwamba juu ya hifadhi kuna mama mwenye kikapu, kilichopatikana ni boti ya doria. Kwa nini kubwa lipate njia na dogo lipate katazo?

Afisa alitaka kujibu, na naamini angalijibu kwa hoja za kisheria ambazo hazikosi uzito: kwamba gesi ilitangulia kugunduliwa miaka 18 kabla ya hifadhi kutangazwa, kwamba kila sheria ina waziri wake, na kwamba kisima kilichochimbwa kwa uangalifu huenda kikaligusa tumbawe kidogo kuliko kokoro moja linalovutwa kila siku. Lakini mimi namwomba asijibu bado. Swali la Kijana si swali la sheria. Ni swali la mizani, nalo limeulizwa kwa haki. Watu waliozoea kuona makubwa yakija kusini na kuondoka hawawezi kulaumiwa wakishuku.

NAHODHA: Na mimi naongezea hapo hapo. Baba yangu aliyaona Waingereza waliyoyafanya hapa baada ya vita. Walikuja na mradi wa karanga wa Nachingwea, wakajenga mji, wakatandika reli, na gati ya kina kirefu ikafunguliwa Mtwara mwaka 1954. Karanga hazikuwa, mradi ukavunjwa, na reli ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya sitini. Bandari ilibaki, kwa sababu bandari ni kazi ya Mungu. Wao waliijengea gati tu. Gesi nayo ina mwisho wake, hata wahandisi hawakatai. Sasa wewe Kijana, wataka kipimo cha mwamba kiwe gesi? Kitu kitakachokwisha kisiwe hakimu wa kitu ambacho hakikupaswa kwisha.

KIJANA: Sitaki gesi iwe hakimu, Mzee. Nataka iwe shahidi kwamba uwezo upo.

NAHODHA: Basi tumeelewana zaidi kuliko nilivyodhani. Na nitasema neno ambalo Afisa atalifurahia. Mwezi wa nne mwaka 2019, kile kimbunga walichokiita Kenneth kilipoingia Cabo Delgado, huko ng'ambo ya Ruvuma, tuliambiwa hapa Mtwara tuondoke ufukweni, na watu walijaa katika majengo ya shule. Kimbunga kilipinda kusini kikawaumiza wenzetu. Lakini nilisimama nikaiona bahari ikija: huko nje ya mwamba ilikuwa milima, na ndani ya ghuba vyombo vyetu vilikuwa vikitikisika tu. Siku ile nilijua kwamba mwamba unanilinda hata nisipovua.

MWALIMU: Na ilimu inakuthibitishia, Mzee. Waliokusanya vipimo vya miamba katika bahari mbalimbali wamepata kwamba kwa wastani huvunja asilimia 97 ya nguvu ya mawimbi kabla hayajafika pwani. Lakini sasa nifikie lile la joto, maana nilikuwa nimeahidi. Maji yakizidi joto la kawaida la kaskazi kwa digrii moja tu, na hali hiyo ikadumu majuma kadhaa, mapatano baina ya mnyama na mimea yake huvunjika. Mimea hutoka, na weupe wa mifupa hudhihirika kupitia nyama. Tumbawe halijafa bado, lakini lina njaa, na bahari isipopoa upesi hufa. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1998 katika Bahari ya Hindi yote, na mwaka 2016, na mwaka 2024 wataalamu wa dunia wakatangaza mpauko mkuu wa nne. Mwaka ule wa 1998 sehemu kubwa ya matumbawe ya fungu la Tutia, Mafia, ilikufa. Ya Mnazi yaliumia pia, lakini yaliyopona yalikuwa mengi, na baadaye yakarudi. Na hapa ndipo pana jambo ambalo napenda lisikiwe hata na walio mbali na majilisi hii.

Upo mkondo mkubwa utokao pande za Indonesia, ukavuka bahari yote kuelekea magharibi, ukapita ncha ya kaskazini ya Madagaska, na ukalipiga bara la Afrika karibu na Tungi, yaani pale pale kwenye mlango wetu. Ukifika hapo hugawanyika: sehemu moja hugeukia kusini katika mlango wa Msumbiji, na nyingine hupanda kaskazini ikipita mbele ya Lindi, Kilwa, Mafia, Dar es Salaam na Unguja, kwa kasi kubwa wakati wa kusi na polepole wakati wa kaskazi, lakini siku zote kwa upande ule ule. Mayai ya matumbawe na vitoto vya samaki na pweza havina nguvu ya kushindana na mkondo. Huelea siku kadhaa, au majuma kadhaa, kisha hutua panapovifaa. Tazameni basi mlivyokaa. Mnazi ni kitalu kilicho juu ya mfereji. Mwamba wa Mafia ukiungua, mbegu za kuuponya huja kutoka kusini. Mwamba wa Mnazi ukifa, hakuna wa kaskazini awezaye kuwaletea mbegu, kwa kuwa maji hayarudi nyuma.

Haya ndiyo yaliyonifanya niandike mjadala huu. Kwa muda mrefu nimewasikia watetezi wa hifadhi wakiwaambia watu wa Msimbati kwamba wakijizuia leo, faida itawarudia wenyewe kesho. Na maneno hayo, japo yana kweli ndani yake, hayakamilishi kweli. Sehemu ya faida huwarudia: pweza mnene, changu mkubwa, ufuko usioliwa na bahari. Lakini sehemu nyingine, ambayo huenda si ndogo, huchukuliwa na mkondo usiku na mchana kwenda kwa watu ambao hawajawahi kulisikia jina la Msimbati. Mla pono wa soko la Feri, Dar es Salaam, na mvuvi wa Chole, na mwenye hoteli ya Nungwi wamo katika hesabu hii. Watu wa mwambao wa Mtwara, wakiacha fungu moja lipumzike, wanatoa sadaka kwa pwani nzima, nao ni miongoni mwa wenye kipato kidogo katika pwani hiyo. Kwa hiyo nasema bila ya kusitasita kwamba mdaiwa katika jambo hili si Nahodha. Mdaiwa ni pwani, ni Serikali, na ni zile nchi tajiri zilizoipasha bahari joto. Na kumwendea mdai ukiwa na boti ya doria kabla ya kumwendea na malipo ni kuyapindua mambo. Hayo hayamfanyi aliyechukua kokoro awe mwema. Kokoro ni haramu kwa mujibu wa sheria na ni haramu kwa mujibu wa akili, nami sioni udhuru wake. Lakini mtu aliyenyang'anywa kokoro bila ya kupewa wavu mwingine atarudi usiku na kokoro jingine, na kila aliyefanya kazi hii kwa moyo safi anajua hivyo.

AFISA: Mwandishi umenisemea yale ambayo kazi yangu hainiruhusu kuyasema kwa sauti kubwa. Basi turudi kwenye lililo mikononi mwetu. Bibi amesema anakubali miezi mitatu. Nahodha?

NAHODHA: Nakubali fungu moja, si mafungu yote. Na lichaguliwe na sisi, kwa kuwa sisi ndio tujuao lipi lina pweza wa kutaga na lipi ni mchanga mtupu wa kupendezesha ramani.

BIBI: Na mimi nina masharti yangu. Lifungwe wakati wa kusi, ambapo upepo ni mwingi na hata wakati wa bamvua hatupati kitu. Wala si wakati wa kaskazi, ambapo ndipo tunapopata ada za shule. Siku ya kulifungua washuke kwanza wanaochokoa kwa miguu, na wenye miwani wafuate kesho yake. Na wanunuzi waitwe mapema, waje zaidi ya mmoja, ili bei isivunjwe ufukweni na mtu mmoja mwenye gari.

AFISA: Hayo yote yanaweza kuandikwa katika sheria ndogo za kijiji, zikapitishwa na mkutano mkuu, zikathibitishwa na halmashauri. Sheria yenyewe ya 1994 inataka vijiji vishirikishwe. Lililobaki ni ulinzi. Kamati ya wavuvi inahitaji petroli ya boti kila usiku wa miezi hiyo mitatu, na fungu langu la fedha halitoshi.

KIJANA: Petroli ipo. Kampuni za gesi hulipa halmashauri ushuru wa huduma unaotozwa juu ya mauzo yao. Sehemu ndogo ya ushuru huo ikitengwa kwa ajili ya boti, Msimbati italindwa na Msimbati.

AFISA: Hilo ni la baraza la madiwani. Mimi sina mamlaka nalo.

NAHODHA: Nani alisema uende wewe? Atakwenda Bibi, na mimi nitaandamana naye, na Mwalimu atatuandikia barua. Mweleze tu Diwani kwamba tunataka jibu kabla ya kusi.